Mfuko Uliokataa Kupanda Ngazi

Asubuhi ile Bibi Mshonaji aliingia hospitali na chupa ya chai, shuka mbili na sabuni ya kufulia ndani ya mkoba. Mlinzi wa mlangoni hakuukagua mkoba. Alimkagua mikono.

"Yote miwili mizima?"

"Imeshona sare za shule tangu wewe hujazaliwa," Bibi alijibu.

"Basi nenda ukumbi wa chini, kati ya ngazi na lifti. Kuna benchi nje ya chumba cha damu. Kaa hapo, utapewa mfuko wako."

Benchi lilikuwa limejaa. Wanaume kwa wanawake walikaa bega kwa bega, kila mmoja amepakata mfuko laini wenye maji ya rangi ya juisi ya nanasi iliyochujuka, na kila mmoja anaubembeleza, kushoto kulia, kushoto kulia, kama watu walioachiwa watoto wa jirani na kuahidiwa kwamba mama zao wanarudi sasa hivi. Hakuna aliyesema kwa sauti ya juu. Dereva mmoja wa lori, jitu la miraba minne, alikuwa anakoroma huku mikono yake inaendelea na kazi bila yeye.

Mifuko hiyo ilikuwa na chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia kwenye tundu la mshipa na kuliziba. Damu nyekundu haina makuu: itie kwenye friji, itanyamaza. Chembe sahani zina madeko. Hazitaki friji, hazitaki joto, zinataka chumba cha wastani, na zinataka kutikiswa polepole saa zote, la sivyo zinashikana na kufa. Hata zikitunzwa kama yai, baada ya siku tano hivi ni za kutupwa. Hospitali ilikuwa na mashine ya kuzitikisa. Mashine ikaharibika, kipuri kikaagizwa, na kila aliyekiulizia aliambiwa kipo njiani. Ndipo Mganga Mkuu alipoutazama ukumbi wake uliojaa jamaa za wagonjwa, wote wamekaa na kushika tama, akaona mikono mingi inakaa bure.

Tangu hapo mifuko ikawa na tabia. Mtunza Damu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alisema kitu kikibembelezwa na binadamu usiku na mchana hakiwezi kubaki kama kilivyokuwa kwenye mashine. Mfuko ukipelekwa kwa anayeuhitaji huwa mwepesi. Ukipelekwa kwa asiyeuhitaji huwa mzito. Pale ukumbini jambo hilo lilihesabiwa pamoja na bomba la chooni linalovuja na lifti inayokwama: ndivyo hospitali ilivyo, utafanyaje. Kando ya mlango wa chumba cha damu liliegeshwa toroli la chuma, maalumu kwa kurudisha mifuko iliyokataa.

Bibi hakuwa hata amekaa vizuri dereva wa lori alipoitwa. Mdogo wake alikuwa amelazwa ghorofa ya juu kabisa na saratani ya damu, na chembe zake zilikuwa zimeteremka chini ya elfu kumi. Dereva alisimama na mfuko wake, na mfuko ukamvuta ngazini. Alipanda akiwa bado na usingizi, miguu ikigusa kidato hapa na pale kwa adabu tu.

"Bibi, wako huu," Mtunza Damu alisema, akimwekea mwingine mapajani. "Taratibu, Bibi. Usiutikise kama dawa ya kikohozi."

"Nimelea, mwanangu."

"Ndiyo maana nasema usiuzoee. Bado haujapangiwa mtu."

Ni rahisi kusema. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo alikuwa amelala wodi ya wazazi, upande ule ule wa chini, baada ya kupasuliwa usiku uliopita. Presha ya mimba ilimpanda ghafla, ikabidi kichanga kitolewe kabla ya wakati wake. Mama mtu chembe zake zilikuwa zinashuka. Kichanga naye, kijisichana kidogo cha kuenea kwenye upindo wa sketi, kilikuwa kwenye kisanduku cha joto wodi ya vichanga, na zake vilevile zilikuwa chache. Bibi aliogopa. Aliogopa kurudi nyumbani na mmoja, aliogopa kurudi bila hata mmoja, na kwa kuwa hofu haikuwa na pa kwenda, ilishuka mikononi. Aliubembeleza mfuko ule kwa namna ambayo benchi zima liliacha kuangalia ngazi likamwangalia yeye.

Aliusimulia mambo. Aliusimulia habari za mteja wake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kila mwaka alirudisha suruali ile ile akidai kitambaa kimeruka, na hakuna siku aliyokubali kwamba kitambaa kiko palepale, tumbo ndilo lililohama. Mfuko ulitikisika kidogo kuliko mikono ilivyoutikisa. Bibi alijua umecheka.

Kabla ya mchana Mkwe wake alikuja mbio akihema. Mkwe alikuwa fundi simu, kijana mpole ambaye kwenye shida yoyote huiuliza simu kwanza, halafu watu.

"Mama, majibu ya mtoto yametoka. Elfu thelathini na mbili!"

"Ndiyo nyingi au ndiyo chache?"

"Chache, Mama! Nimesoma hapa. Mzima ana laki na nusu kwenda juu. Mwanangu hana hata robo."

Wakaenda wote wawili kumtafuta Daktari wa Vichanga, Bibi na mfuko wake kifuani. Walimkuta kwenye korido, mwanamke mwembamba aliyevaa soksi za rangi mbili tofauti kwa sababu alikuwa na zamu za kufuatana na hakuwa na muda na soksi.

"Nimemkagua utosini mpaka unyayoni," alisema. "Kitovu kikavu, ngozi haina madoa, kichwani tumempiga picha, hakuna damu. Akianza kutoka damu nitampa papo hapo. Zikishuka chini ya elfu ishirini na tano nitampa hata kama hatoki. Kwa leo simpi."

"Humpi!" Bibi alisema. "Kitu ninacho hapa mkononi, mtoto yuko pale, hatua zenyewe za kuhesabu, na wewe humpi?"

"Mama, zamani tulikuwa tunawawekea wengi wakishuka tu chini ya elfu hamsini. Tulidhani tunawafanyia hisani. Walipokuja kulinganishwa, waliowekewa zaidi ndio walioharibikiwa zaidi. Mtoto mwenyewe kiganja, mishipa yake uzi. Hatuwezi kumjaza kwa sababu sisi tuna wasiwasi."

"Wasiwasi ninao, sikatai. Lakini na wewe una roho ngumu."

"Ninayo, Mama. Wodi hii inaitaka," alisema Daktari, akaenda zake.

Mkwe aliiangalia simu. Simu haikuwa na la kuongeza. Bibi akapiga moyo konde, akaubana mfuko, akaelekea mlango wa wodi ya vichanga kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuazima chumvi.

Hatua za kwanza mfuko ulikuwa na uzito wa kuku. Kwenye sinki la kunawia mikono ukawa na uzito wa ndoo ya maji. Mlangoni ukawa mfuko wa saruji, na Bibi, ambaye katika ujana wake alibeba majora mawili ya vitambaa kwa mpigo, alikwenda chini polepole mpaka akakaa sakafuni, miguu mbele, mfuko mapajani. Muuguzi aliyekuwa anapita na beseni aliinua mguu akamruka.

"Umekataa?"

"Umekataa."

"Toroli linakuja, Bibi. Usijaribu kusimama."

Bibi aliuinamia mfuko. "Asubuhi nzima nimekubembeleza," alisema kwa uchungu. "Nimekupa siri za watu. Leo unanivua nguo mbele ya mkwe wangu?"

Mkwe aligeuka akajifanya anatazama tangazo la kunawa mikono, alilisoma mpaka mwisho, akaanza tena. Toroli lilipofika, wahudumu waliusukumia mfuko juu yake kwa ubao, wakaurudisha ukumbini, na ulipofika benchini ukawa na uzito wake wa halali. Bibi aliupokea bila kuuangalia. Kwa muda aliubembeleza kwa mkono mmoja tu, ili ujue.

Wakati huo ghorofani, kwenye vyumba vya heshima, alikuwa amelazwa Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa na homa ya dengi, na alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa anakula, anaagiza magazeti, anagomba kwenye simu. Chembe zake zilikuwa elfu sitini. Mtu mzima asiyetoka damu haongezwi mpaka zishuke chini ya elfu kumi, na daktari wake alimwambia hivyo, akamwambia pia kwamba zitapanda zenyewe. Mheshimiwa hakubishana na daktari. Alisema tu kwamba kesho wanakuja watu kumjulia hali, na hawezi kukutwa amelala kitandani hana hata kitu kilichoning'inizwa.

Msaidizi wa Mheshimiwa akashuka kwa Mganga Mkuu. Mganga Mkuu alikuwa mtu mtulivu aliyeamini kwamba hakuna tatizo ambalo halina utaratibu. Alikuja ukumbini mwenyewe, akaulizia ni mfuko gani ambao haujapangiwa mtu. Benchi zima lilikuwa na wenyewe: huu wa bwana wa wodi ya saratani, ule wa mama anayepasuliwa kesho. Uliobaki ni wa Bibi.

"Mama, utatusaidia huo," alisema Mganga Mkuu kwa upole.

Bibi alikuwa bado amenuna. Akautoa.

Mhudumu wa kwanza aliubeba mpaka kwenye ngazi. Alipoweka mguu kidato cha kwanza, mfuko ulimrudisha chini. Akaja wa pili, wakaushika huku na huku. Wakaja wawili zaidi. Walihesabu pamoja, wakatoa jasho jembamba, na kidato cha kwanza kikapata ufa kutoka ukutani mpaka kwenye reli, lakini mfuko ulibaki palepale, umelala kwa raha zake.

"Mzito kiasi gani?" Mganga Mkuu aliuliza.

"Kama pikapu, Mkuu."

"Tupu au na mzigo?"

Wahudumu walishauriana. "Na mzigo."

Wakajaribu lifti. Waliukokota kwa toroli, wakauingiza peke yake. Kengele ya lifti ikalia kwamba abiria wamezidi. Wakasogezwa wote waliokuwa karibu, hata mzee aliyekuwa amesimama tu nje anasubiri mtu wake ashuke. Kengele haikunyamaza. Wakautoa, wakaurudisha kwenye kidato chenye ufa, wakakaa kando yake wakijipepea kwa kofia zao.

Hapo ndipo muuguzi wa wodi ya wazazi alipotokea mwisho wa ukumbi, akatembea kwa haraka ile ya wauguzi ambayo si mbio lakini inatisha kuliko mbio. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi.

"Bibi, kidonda cha binti yako kinatoka damu na haikatiki. Tumempima tena, amefika elfu kumi na nane. Daktari anataka chembe sahani sasa hivi."

Bibi aliinuka, akauangalia mfuko kwenye kidato, akamwangalia Mganga Mkuu.

"Baba, umesikia."

"Nimesikia, Mama. Ningekupa." Na alisema kweli, alikuwa mtu wa huruma. "Lakini umekwisha kupangiwa mtu."

"Basi mwambieni huyo mtu."

"Huyo mtu haambiwi."

"Mwanangu anakufa kwa jeraha lililo wazi, na mfuko uko chini hapo, hautaki kwenda!"

"Ni kweli hautaki kwenda," Mganga Mkuu alikubali, akafikiri. Aliutazama mfuko, akatazama juu, akatazama mfuko tena. Kisha uso wake ukakunjuka, kwa sababu alikuwa ameona utaratibu. "Kama mfuko haupandi," alisema, "mgonjwa atashuka."

Wahudumu wote wanne wakatumwa ghorofani kumshusha Mheshimiwa. Lakini mtu wa aina ile hashushwi tu kama godoro. Kwanza alitaka kunyolewa ndevu. Halafu alitaka koti la suti juu ya gauni la hospitali, kwa kuwa ukumbi wa chini una watu. Halafu likaulizwa swali la soksi. Msaidizi alikuwa anapanda na kushuka kutoa taarifa za maendeleo, na Mganga Mkuu akaenda kuchagua sehemu ya ukumbi yenye mwanga wa kupendeza.

Mfuko ulibaki peke yake kwenye kidato. Bibi akauendea. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa mama ambaye mtoto wake anavuja damu mlango wa tano kutoka pale, na hana kitu kingine cha kushika. Aliinama, akapitisha mikono chini yake kama alivyofanya asubuhi, akaugeuza uelekee wodi ya wazazi.

Ukainuka.

Uliinuka kutoka mikononi mwake mpaka kifuani, kutoka kifuani mpaka juu ya kichwa, na Bibi akawahi kuukamata kwa pembe. Ukamvuta. Walipita mbele ya benchi kwa kasi, na wote waliokaa walivuta miguu yao ndani bila kuacha kubembeleza. Kiatu kimoja kilimtoka Bibi mbele ya duka la dawa. Hakukirudia. Mtunza Damu alitoka mbio nyuma yake na vibandiko vyake mkononi, akipaza ile sauti yake ndogo, "Kundi, Bibi! Nihakikishe kundi kwanza!" kwa sababu mwepesi au mzito, damu isiyolingana ni sumu.

Kundi lililingana. Daktari wa Wazazi, bonge la mtu mwenye sauti ya mnadani, aliudaka mfuko darini.

"Huu ndio ninaolilia saa zote hizi!" alisema, akautundika. Stendi ya dripu ikainua miguu miwili kutoka sakafuni, na muuguzi akaukanyaga mmoja, akaendelea na kazi zake. Matone yakaanza kushuka. Bibi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika unyayo wa mwanawe chini ya shuka, anautazama mfuko ukisinyaa. Hakusema nao. Alilia tu, waziwazi, bila kufuta. Mfuko ulipokwisha, stendi ilikuwa imetulia, na vitambaa vya kidondani, vilivyokuwa vinabadilishwa kila mara, vikawa havibadilishwi tena.

Jua lilipoanza kupungua dirishani binti yake alifumbua macho.

"Mama," alisema, "mbona una kiatu kimoja?"

"Nilikuja haraka."

Mheshimiwa naye alikuwa ameshawasili ukumbini, amenyolewa, ananukia, koti limemkaa vizuri. Aliwekwa kwenye sehemu yenye mwanga. Mganga Mkuu alipoulizia mfuko akaambiwa umetumika. Alipouliza nani aliruhusu, Mtunza Damu alisema mfuko wenyewe. Mganga Mkuu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha. Hakumkemea mtu yeyote. Alisema tu kwamba panahitajika utaratibu.

Utaratibu ulipatikana upesi. Kesho yake kila mfuko benchini ulifungwa kwa bendeji kwenye mguu wa benchi, mafundo mawili, na mafundo yafunguliwe na mlinzi tu. Mheshimiwa hakurudi ghorofani, maana kurudi mikono mitupu kungeonekana vibaya. Mfuko uliofuata ulikuwa mzito vilevile, wahudumu sita wakaukokota kwa shida mpaka kidato cha tatu ili uwe juu yake, ukagomea hapo, na Mheshimiwa akalazwa kwenye godoro sakafuni chini yake ili matone yapate mteremko. Aliwekewa mbele ya wageni wake. Katikati ya dripu alianza kuwashwa mwili mzima, akavimba vipele kama aliyelalia siafu, akatetemeka kwa baridi, akachomwa sindano ya kutuliza. Wageni walipomwona anatetemeka walisema dawa inafanya kazi. Yeye mwenyewe aliwaambia baadaye kwamba alihisi nguvu zinaingia.

Habari zikawafikia wenzake. Wengine walikuwa na homa, wengine uchovu, mmoja alikuwa anasafiri tu na alitaka kujiweka sawa. Hawakutaka kulala sakafuni, hilo walilisema mapema. Bodi ya hospitali ilikaa, ikalijadili suala la mifuko kuwa mizito kwa kirefu na kwa umakini, na mjumbe mmoja akakumbusha kwamba kuna mashine ya kutikisia inayosubiri kipuri. Akashukuriwa. Kisha ikaamuliwa kwa sauti moja kuleta lifti mpya, ya zile zinazopandisha magari kwenye maghala.

Mafundi walikuwa bado wanaifunga lifti hiyo wakati mjukuu wa Bibi anaongezeka uzito. Hakuwekewa chembe hata tone. Elfu thelathini na mbili zikashuka kidogo, Mkwe akakosa usingizi, zikasimama, zikaanza kupanda zenyewe. Zilipovuka laki, Bibi alimtafuta Daktari wa Vichanga, ambaye siku hiyo soksi zilikuwa zimelingana.

"Ile roho ngumu," Bibi alimwambia, "endelea nayo."

"Nitajitahidi, Mama."

Siku ya kuruhusiwa walitoka wote wanne. Binti alikuwa anatembea polepole ameshika tumbo, Mkwe amebeba mikoba na anaongea na mwenye teksi kwenye simu. Bibi alimpakata mtoto. Walipofika ukumbini ilibidi wasimame, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa: lifti mpya ilikuwa inaanza kazi siku hiyo.

Kwenye benchi, karibu kabisa na walipokuwa, alikaa mwashi. Alijulikana kwa saruji iliyoganda kwenye kucha. Mfuko wake ulikuwa haukai mapajani. Ulikuwa umeinuka mpaka mwisho wa bendeji, umenyooka kuelekea wodi ya wazazi, unatetemeka, na mwashi alikuwa ameunyooshea mikono juu, anaubembeleza hewani.

"Samahani, Mama," alimwambia Bibi, alivyoona amesimama karibu. "Wewe mwenyeji hapa? Mke wangu yuko kule, amejifungua asubuhi, damu haikatiki. Na huu unavuta hivi. Nimemwambia mlinzi anifungulie, anasema umepangiwa mtu wa juu. Sasa mimi nifanyeje?"

Bibi aliliangalia fundo. Fundo lilikuwa la kawaida. Katika maisha yake alikuwa amefungua maelfu ya mafundo magumu kuliko lile, kwa kucha, kwa sindano, kwa meno. Na alijua kwa nini lilikuwepo. Mlinzi alikuwa amesimama hatua moja pembeni, na mikono yote miwili ya Bibi ilikuwa na mtoto.

Angeweza kumpa Mkwe mtoto. Aliliwaza hilo baadaye mara nyingi. Lakini kitu cha kwanza alichokihisi pale, kabla ya huruma, kilikuwa furaha kwamba aliyelala kule si wake tena. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Usiache kuubembeleza," alisema.

"Siachi, Mama."

Mlinzi akaja akafungua mafundo mawili. Wahudumu sita waliushika mfuko kabla haujaruka, wakaugeuza, na ulipogeuzwa tu ukashuka puu juu ya toroli, magurudumu yakalia. Wakausukuma mpaka kwenye lifti. Sakafu ya lifti ilizama kiasi cha kiganja, ikasimama imara. Kengele haikulia. Mganga Mkuu, aliyekuwepo kwa ajili ya uzinduzi, alipiga makofi, na watu wa benchi ambao mikono yao ilikuwa na kazi waligonga miguu chini. Milango ikajifunga, na jengo zima likasikika likikaza nondo zake huku mzigo ukipanda.

Muuguzi wa wodi ya wazazi alitokea mwisho wa ukumbi, akaja kwa ule mwendo wao. Mwashi alimwona. Alibaki amekaa, macho kwake, na mikono yake mitupu ikaendelea kubembeleza, kushoto kulia, kwa sababu alikuwa ameambiwa asiache.